Ukuta Alioufunika Kambo Yako

Odila mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga mama yako wa ubatizo, na mimi nimebaki hapa nyumbani na masanduku yako mawili yaliyofungwa kamba. Nimeketi mezani tangu saa nane. Kesho asubuhi utapanda treni kwenda Likasi, kwa mume wako Donasi, na kuna jambo nilitaka ulijue kabla hujaondoka. Juma hili nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi. Mara ya pili mama yako aliingia. Mara ya tatu sikuwa na kisingizio. Nilikuita, ukaja, ukasimama mbele yangu ukisubiri, na mimi nikakutuma maji ya kunywa. Ndiyo maana naandika.

Mambo ya makaa, ya sabuni, ya kuishi na wakwe, mama yako amekwisha kukufundisha, na mengine nadhani unayajua kumpita. Sitayagusa. Langu ni la ukuta mmoja.

Tangu ukiwa mdogo tumekuambia kwamba kambo yako, yaani bibi yako, mama yangu mzazi, hakuweza kuja ulipozaliwa kwa sababu mvua zilikuwa zimekata barabara ya Mitwaba. Si kweli. Alikuja. Alikaa kwetu siku tisa, akaondoka wewe hujazaliwa, na aliondoka kwa sababu yangu mimi. Nimelibeba jambo hili miaka yote uliyoishi, na mpaka leo, na mvi hizi unazoziona, siwezi kusema nimelielewa. Kwa hiyo usitafute fundisho humu. Nitakueleza tu lilivyotokea, kwa mpangilio kama nitaweza.

Wakati ule tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa Mzee Masudi, kule cité, mtaa wa watu weusi. Tulihama ukiwa na miaka minne, kwa hiyo sidhani unamkumbuka. Alikuwa seremala, Mwislamu, wazazi wake watu wa Kasongo. Alikuwa amejenga nyumba ndefu ya matofali mabichi, akawa anakaa upande mmoja na mke wake, Mama Zaina, na upande wa pili anapangisha. Alikuwa mtu wa maneno machache, na harufu ya randa na gundi ilimfuata hata siku za sikukuu.

Mimi kazi yangu ilikuwa hii hii ya kupaka rangi nyumba za Wazungu, ila wakati huo nilikuwa kijana na nilijiona fundi asiye na mwenzake. Mbelgiji aliyenifundisha alikuwa amenionyesha ufundi wa kuiga. Nilijua kuchukua ubao wa sanduku na kuupaka mpaka uonekane mti wa thamani. Nilijua kupaka nguzo ya saruji mpaka ionekane jiwe lenye mishipa. Siku moja Madame mmoja aliweka kiganja chake kwenye nguzo yangu, akashangaa kwamba haina baridi ya jiwe. Nilitembea na sifa hiyo mwezi mzima, nikiwasimulia watu ambao hawakuniuliza.

Mama yako alikuwa na mimba yako. Kabla yako alikuwa amepoteza mbili. Hili nalo hatukuwahi kukuambia, na sijui kama ni mimi niliyepaswa kukuambia, lakini bila hilo hutaelewa hofu iliyokuwamo katika vyumba vile. Alikuwa hatembei sawasawa, alikuwa kama mtu aliyebeba maji katika sahani. Akaniambia, "Mi sitaki kuzaa peke yangu tena. Ita mama yako." Mama yake mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Nikaandika barua kwa katekista wa Mitwaba, amsomee mama yangu, na baada ya majuma mengi dereva wa lori aliniletea jibu la mdomo: atakuja mahindi yakishavunwa.

Mama yangu hakuwa amewahi kufika mjini. Nilianza kuwaza: mwanamke huyu ataingia katika chumba cha watu, chenye kuta za kijivu na dirisha moja, atasikia king'ora cha kiwanda asubuhi, atajiona amefungwa. Nikaamua nimtengenezee chumba cha pili kiwe kama nyumbani kwake. Kama nyumba niliyozaliwa mimi, ya zamani, kabla hatujaanza kupenda makabati.

Nilikwenda kwanza kumwomba Mzee Masudi ruhusa, maana ukuta ulikuwa wake. Alikuwa anapiga randa. Hakuinua kichwa.

"Paka tu," akasema. "Tangu nijenge hizi kuta, hakuna muntu aliziangaliaka."

Nitakueleza chumba kile kilivyokuwa, kwa sababu mpaka leo sijafanya kazi nyingine niliyoipenda hivyo. Mama yangu, kila mvua zilipoisha, alikuwa anaukandika upya ukuta wa nyumba yetu. Chini aliweka udongo mwekundu. Juu yake alipiga mistari kwa pemba, ule udongo mweupe, mistari inayopishana kama ususi wa mkeka, na katikati ya kila pishano aliweka nukta nyeusi ya masizi kwa ncha ya kidole. Nilizikumbuka zote. Nilikata kadibodi, nikatoboa michoro ile humo, nikawa naibandika ukutani na kupitisha brashi, ili kila mstari ulingane na mwenzake. Rangi yangu ilikuwa ya mafuta, iliyobaki kwenye villa moja ambako bwana mwenye nyumba aliniambia niitupe. Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Ilikaa ukutani ikang'aa kama sahani.

Kisha nikapanga vitu. Kwa mbao za masanduku ya sabuni nilitengeneza utara, kama ule unaokaa juu ya moto kule kwetu, wa kuwekea vyungu, na nilizipaka zile mbao zikaonekana zimeungua moshi wa miaka. Nguo na mablanketi niliyatia katika vikapu vitatu, nikavining'iniza darini kwa kamba, maana chumba kilikuwa kidogo na mama yangu hakupenda kitu kikae chini. Mzee Masudi akanichongea kigoda kifupi cha miguu mitatu, akakataa kupokea kitu. Vyungu sikuvipata. Nikachukua mikebe mitupu ya rangi, mikubwa na midogo, nikaipaka udongo-udongo, nikaichora mikwaruzo na madoa ya moto, mpaka ukiitazama kutoka mlangoni ungeapa kwamba imetoka kwa mfinyanzi. Nikaipanga juu ya utara.

Majirani walikuja kutazama. Mama yako, ambaye kwa miezi hakuwa amecheka, alikuwa anawafungulia mlango yeye mwenyewe. Mwanamke mmoja mtu wa Manono aliingia, akakaa sakafuni, akaondoka akijipangusa macho. Mzee Masudi alikuja jioni moja, akasimama mlangoni, akasema, "Sasa hii inakuwa nyumba." Mimi nilisikia kama nimepewa medali.

Mama yangu alishuka kwenye lori siku ya Jumatano, na kuku wawili na mfuko wa unga wa mihogo. Nilimshika mkono, nikamwingiza. Alisimama katikati ya chumba. Alikwenda kwenye ukuta, akapitisha kidole juu ya mstari mweupe, akakitazama kidole. Hakikuwa na kitu. Kisha akanyoosha mkono kwenye utara, akainua chungu kimoja, na mkono wake ukaruka juu, kwa sababu alikuwa amejiandaa kubeba uzito. Akakigonga kwa ukucha. Kikalia ti.

Akanigeukia. Yeye alisema Kiluba siku zote. Hapa nakuandikia maneno yake kwa Kiswahili.

"Nani alifanya?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaketi juu ya kile kigoda, akaanza kufungua mfuko wake. Mimi nilidhani ni furaha imemziba mdomo. Nakuambia hivi bila aibu kwa sababu ndivyo nilivyodhani: nilitoka nje nikamwambia mama yako kwamba mama amefurahi mpaka ameshindwa kusema.

Usiku huo akahamishia mkeka wake barazani. Alisema ni harufu ya rangi. Harufu ilikuwa imekwisha kutoka, lakini nilimwamini. Siku zilizofuata alifanya yote yaliyomleta. Alimkanda mama yako mgongo, alimpikia majani machungu, alikuwa anamfanya acheke kwa kuwaigiza Wazungu wanavyotembea. Mama yako alianza kutembea sawasawa. Lakini katika chumba kile mama yangu hakuwa anaingia ila kuchukua kitu na kutoka.

Siku ya tisa nilirudi kazini nikakuta Mzee Masudi amesimama mlangoni kwetu, mikono nyuma. Alisogea tu kando ili nione.

Mama yangu alikuwa amefuatana na wanawake waliokuwa wanakwenda mashambani kwao karibu na mto Naviundu, akarudi na udongo mweusi kichwani, mara mbili. Rangi ya mafuta haikubali udongo ushike, na yeye aliligundua hilo mwenyewe. Kwa hiyo alichukua panga akaikwangua. Alizikwangua kuta zote, kutoka juu mahali mkono wake ulipofika mpaka chini, na matofali mabichi yalikuwa yameliwa kama mahindi. Kisha akakandika. Kuta tatu zilikuwa nyeusi, za maji-maji, na alama za viganja vyake. Ya nne alikuwa amefika nusu. Ile mikebe ilikuwa nje, imepangwa vizuri kwa mstari chini ya dirisha, imejazwa maji.

Mzee Masudi akasema taratibu, "Mwanangu, huu ukuta iko wangu."

Sikumjibu yeye. Nilimgeukia mama yangu, na nilisema maneno ambayo tangu hapo nimeyarudia kwa padre tu, nikiungama. Nitakuandikia moja. Nilimwambia kwamba yeye ni mtu wa porini, na kwamba hiyo ndiyo sababu miaka yote sikuwa nimemleta mjini nikaonekana naye. Halikuwa kweli. Sikuwahi kumwonea haya mama yangu. Sijui neno lile lilitoka wapi. Nalitafuta mpaka leo. Labda nililisikia kwa mtu mwingine, likakaa ndani yangu likisubiri.

Alikuwa na udongo mpaka viwikoni. Alinitazama, na uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi. Ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza kitu kingine, kitu cha mbali. Aliosha mikono kwenye mkebe mmojawapo. Alifunga mfuko wake.

Mama yako alimshika nguo, akamwomba. Aliniambia na mimi, "Mwombe musamaha. Sasa hivi, kabla hajatoka." Nilisema nitaomba kesho. Kesho yake asubuhi nilimbebea mfuko mpaka kwenye lori, tukasimama pale na watu wengine, na sikuomba. Yeye hakusema kitu, na mimi nikaona kwamba kwa kuwa yeye hasemi, mimi siwezi kuanza. Lori likaondoka. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Kazi ya kuomba msamaha ilikuwa ya maneno mawili, na nilikuwa na muda wote ule wa kungojea dereva.

Ulizaliwa siku kumi na moja baadaye. Ilikuwa vibaya. Mama Zaina alimshika mama yako tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi nilikuwa nje na Mzee Masudi, tumekaa juu ya mbao zake. Mama yako aliita sana. Hakuniita mimi. Alimwita mama yangu, kwa jina lake, mara nyingi, kama mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Ulipolia, Mzee Masudi aliweka mkono begani kwangu, akasimama, akaenda kusali.

Kwa miezi mama yako alikuwa ananijibu nikimuuliza, basi. Siku moja tu alisema, huku anakunyonyesha, "Ulimufukuza mama yako juu ya ukuta. Na ukuta haukuwa hata wetu."

Nilimngojea Mzee Masudi atutoe nyumbani. Hakututoa. Nilimwambia nitakwangua udongo ule na kukipaka chumba chake upya, chokaa safi. Akakataa.

"Wacha vile," akasema. "Ule mama alikandika vizuri. Angalia, haina hata ufa."

Ukuta wa nne aliumaliza yeye mwenyewe, mzee wa watu, kwa mwiko wake. Katika chumba hicho cheusi ndimo ulimojifunza kutambaa.

Nilianza kuuliza watu. Nilikuwa siwezi kukaa. Mama yako alisema ni ile mikebe: mama aliona unamcheka, unachezea vitu vyake. Mzee Masudi alifikiri kwamba mama yangu aliona aibu kukaa katika nyumba ya mtu mwingine na michoro ya kwao ukutani, kana kwamba amejitwalia. Na kulikuwa na mzee mmoja wa upande wa Mitwaba, mlinzi kwenye villa niliyokuwa napaka, ambaye alicheka nilipomweleza. Akasema, "Ile kazi iko ya banamuke. Na tena, wewe ulipaka rangi ya mafuta. Haitoke. Sasa mvua ikiisha, banamuke batakuya kufanya nini?"

Kwa miaka nilishika maneno ya yule mlinzi, kwamba ile ni kazi ya wanawake. Niliona yamefungua kila kitu. Nilikumbuka jinsi mvua zilipoisha mama yangu alivyowaita dada zake, jinsi walivyokaa siku nzima na udongo, wakitukana, wakicheka, wakipeana habari za mwaka mzima. Nikajiambia: ndiyo, nilimpa ukuta usiomhitaji tena. Lakini siku nyingine najiuliza, kama ni hivyo, mbona hakuchora chochote juu ya udongo wake? Alikuwa na siku nzima. Pemba angeipata. Aliacha nyeusi tupu. Hapo maneno ya mlinzi yananiponyoka, na ya mama yako, na ya Mzee Masudi.

Ulipoanza kutembea nilichukua ruhusa nikaenda Mitwaba. Mama yako alitaka nikubebe. Nilikataa, nikasema barabara mbaya. Ukweli ni kwamba niliogopa mama yangu asije akatufungia mlango, na wewe uone. Sasa najua kwamba mtoto wa mwaka mmoja hangeona kitu. Hiyo ni moja ya dhambi zangu, niombee.

Hakufunga mlango. Alikuwa amekonda, lakini alinipokea kama mtu aliyetoka shambani mchana huo huo. Aliniuliza kuhusu mama yako. Aliniuliza kuhusu wewe: una meno mangapi, unalala vipi, unafanana na nani. Nilimwambia unafanana naye kipaji cha uso, na alicheka akajishika kipaji. Mvua zilikuwa zimetoka kuisha. Asubuhi yake alileta udongo mwekundu, akaanza kukandika, na hakuniita wala hakunifukuza. Nikakunja mikono ya shati nikaingia. Tulifanya kazi mpaka jua likawa kali. Alinirekebisha mara moja tu, akasukuma kiwiko changu, kwa kuwa nilikuwa nabonyeza kama mtu mwenye brashi.

Maneno yangu nilikuwa nimeyaandaa njia nzima. Nilimwambia, "Mama, siku ile."

Akaendelea kukandika.

"Mama, unisamehe kwa yale niliyosema."

"Uliyasema na mdomo wa wazimu," akasema. "Yale yalikwisha."

"Na ukuta?"

Hapo akasimama. Alirudi nyuma hatua mbili, akautazama ukuta wake, mwekundu, haujapata bado mistari. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesema habari za mvua: "Ule wa kwako ulikuwa mzuri kupita wa kwangu."

Akainama, akachota udongo.

Sikuuliza tena. Sijui kwa nini sikuuliza. Neno lile lilikuwa kama sifa na lilikuwa kama kilio, na nilihisi kwamba nikiligusa litakuwa moja ya viwili, na sikutaka kujua ni lipi. Nilimwahidi kwamba mwaka unaofuata nitakuleta wewe. Alisema, "Mlete, nimwonyeshe kidole kinavyowekwa." Alikufa mvua zilizofuata, kabla barabara haijafunguka. Habari ilinifikia amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo, unaona, ile habari ya mvua kukata barabara tuliyokudanganya haikuwa ya uongo kabisa. Tuliihamisha tu mahali pake.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika leo, maana yote haya ningeweza kuyanyamazia kama nilivyonyamaza.

Mwezi uliopita nilikuambia nimepata kazi ya siku tatu Kinsevere. Sikwenda Kinsevere. Nilikwenda Likasi. Donasi aliniandikia kwamba amepata vyumba viwili vya kupanga, kwa mjane anayeitwa Mama Feza, na alinisubiri stesheni. Tukiwa njiani akaniambia, "Baba, niko nataka Odila afike ashangae. Mama alinielezaka ile chumba ulipakaka zamani. Unaweza kutupakia vile?" Yeye anakijua chumba tu, habari ya kambo yako, mama yako hakumweleza. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Na sikufichi. Nilitaka.

Safari hii sikuchukua rangi ya mafuta. Nilitafuta udongo mwekundu mwenyewe, nikautwanga, nikauchuja. Nilipata pemba kwa mwanamke mmoja sokoni. Kadibodi sikukata. Nilipaka kwa mkono, katika chumba chenu cha kulala, siku mbili, mistari na nukta, na nukta niliziweka kwa kidole. Mistari haikulingana, na niliona uzuri wake. Nilifunga na rafu ukutani, nikatundika vikapu viwili darini. Vyungu nilinunua vya kweli. Donasi alikuwa kazini. Mama Feza alikuja na kikombe cha chai, akazunguka chumba chote, akasema binti yangu ana bahati.

Siku ya tatu asubuhi niliamka kwenda kutazama kazi yangu katika mwanga wa mapema. Ilikuwa nzuri, Odila. Nilikaa sakafuni katikati. Na kadiri nilivyokuwa naitazama ndivyo nilivyosikia kitu kifuani, ambacho sikijui jina. Haikuwa huzuni. Haikuwa hasira. Nilikuona unaingia na sanduku lako, unasimama pale pale, na ukuta umekwisha kusema kila kitu, na wewe hujatia neno.

Nikaondoka pale nikachanganya chokaa. Nilianza upande wa mlango. Nilifunika yote. Mikono ilikwenda haraka kana kwamba mtu ananifukuza.

Mama Feza alisikia naburuta ngazi, akaja.

"Baba, sasa juu ya nini unafunika? Ilikuwa muzuri."

Nikafungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na majibu yote ya miaka ishirini: ya mama yako, ya Mzee Masudi, ya yule mlinzi. Hakuna lililokuja.

"Mi sijue, mama," nikamwambia.

"Muntu anatumika siku mbili, na anaharibisha, na hajue juu ya nini?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama, na nilijisikia uso wangu. Nilijua jinsi ulivyokuwa, kwa sababu niliwahi kuuona kwa mama yangu. Nikashuka kwenye ngazi, nikakaa, na nililia mbele ya mwanamke wa watu, mtu mzima kama mimi, na brashi mkononi. Hakuniuliza tena. Alinichukulia ndoo, akaniongezea maji kwenye chokaa, na tukamaliza ukuta wa mwisho pamoja.

Donasi nilimwambia udongo haukushika. Alisikitika. Usimlaumu yeye, na mweleze wewe utakapotaka.

Kwa hiyo kesho kutwa utaamka katika chumba cheupe. Rafu ziko, vikapu viko, vyungu ni vya udongo. Ukuta hauna kitu. Chokaa niliipaka mara tatu, lakini mimi ni fundi na najua: udongo mwekundu haukubali kukaa chini ya chokaa. Mvua ya kwanza ikinyesha na ukuta ukipata unyevu, upande wa dirisha utaona mistari inatokea, hafifu, ya rangi ya ulimi wa mtoto. Usidhani nyumba ina ugonjwa, wala usimwite Mama Feza. Ni mimi. Ukitaka, ongeza chokaa. Ukitaka, ifuate kwa kidole, au uchore yako isiyofanana nayo hata kidogo, au uiache. Sitakuuliza sababu.

Ila siku ukiijua, niandikie.

Nawasikia mmefika uani, wewe na mama yako, mnacheka. Nitaitia barua hii katika sanduku la kijani, chini ya mashuka.

Baba yako